Hedifoni Nilizokukataza

Kiambere, Jumapili alasiri

Igoki mwanangu,

Umeenda kuwaaga shangazi zako, baba yako yuko kwenye kikao cha wazee wa kanisa, na hapa nyumbani tumebaki mimi na kuku. Nina saa mbili, labda mbili na nusu. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kimeru changu hukufundishwa kukisoma, na Kimbeere changu, hata baada ya miaka ishirini ya kuishi hapa, bado kinawachekesha watu. Kiswahili tulikipata shuleni wote wawili, kwa hivyo hakuna atakayemzidi mwenzake.

Sitakuambia ule nini huko Mombasa wala uamke saa ngapi. Umemtunza mgonjwa tangu ukiwa msichana mdogo, na kwenye hicho chuo cha uuguzi utawakuta wenzako wanajifunza mambo ambayo mikono yako inayajua tayari. Nataka kukueleza habari ya zile hedifoni.

Najua bado una kinyongo. Wiki iliyopita pale Embu, mwenye duka alitutolea pea tatu akazipanga juu ya kioo. Wewe ulichukua zile kubwa nyeusi zenye mito minene ya kufunika sikio lote, ukazivaa, ukafumba macho. Ukasema kwa sauti ya juu, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto, "Mama, sisikii hata magari." Nikakuambia uzivue. Nikanunua zile nyepesi za sponji, zenye upinde mwembamba wa chuma. Uliponiuliza sababu, nilikujibu, "Kwa sababu nimesema." 

Sababu za dukani ningeweza kukupa, na zilikuwa za kweli. Zile kubwa zilikuwa za bei ya chini zilizovalishwa nguo za bei ya juu. Waya wake ulikuwa mwembamba pale unapoingia kwenye pini, na hapo ndipo hedifoni zote hufia. Besi yake ilikuwa ngoma tupu, waimbaji wote wamezama chini yake. Na kwa joto la Mombasa, ndani ya basi la saa nane, ile mito ya plastiki ingekuchemsha masikio. Uliniona nikimwambia mwenye duka atoe kaseti yake aweke yetu, kwa sababu kaseti ya dukani huchaguliwa ili kila kitu kisikike kizuri. Uliniona nikisikiliza sikio moja, kisha la pili, kisha nikiupinda waya polepole kutoka juu mpaka chini nisikie kama sauti inakatika. Ulinitazama sana. Nadhani ulikuwa ukijiuliza mama yako, ambaye hajawahi kuonekana na redio mkononi, alijifunzia wapi mambo haya.

Nilijifunzia hapa hapa, kwenye ghala la mahindi.

Unajua kwamba nilizaliwa Mitunguu, huko Meru, lakini sijawahi kukuambia kwamba niliimba. Nilikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa letu. Nilipokuwa na miaka kumi na minane alikuja mtu mmoja na mashine ya kurekodi na maikrofoni mbili, akasimamisha moja mbele ya wanawake na nyingine mbele ya wanaume, tukaimba mchana kutwa huku mtu mmoja akisimama mlangoni kufukuza watoto na mbuzi. Kaseti ilitoka, ikauzwa pale kanisani. Kwaya ikaalikwa kuimba Nairobi. Kabla ya safari hiyo baba yako alikuwa ameshaleta wazee wake kwetu, na mimi nilikuwa nimempenda, nisikudanganye. Wenzangu walienda Nairobi, mimi nikaja Kiambere.

Niliacha mifereji ya maji na migomba nikaja mahali ambapo maji yote yako ndani ya lile bwawa, yanatengeneza umeme, na nyaya za umeme huo zinapita juu ya paa letu kwenda kwa watu wengine. Hilo ningelizoea, na nimelizoea. Nilichoshindwa kuzoea ni ukimya. Jumapili ya pili baada ya harusi niliinuka kanisani nikaimba pamoja na kwaya. Tulipofika nyumbani baba yako alisema bila ukali wowote, "Mke wa mtu hasimami mbele ya watu kupaza sauti. Hapa si Meru." Nikasema sawa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikadhani ni jambo dogo ambalo lingepita. Halikupita. Redio ilikuwa yake, ilikaa kwenye kabati lenye kufuli, ikafunguliwa saa ya taarifa ya habari, ikafungwa tena. Njia zangu zilikuwa tatu: bombani, kanisani, na sokoni Jumatano. Mara mbili kwa mwaka nilikwenda kumwona mama yangu, nikarudi siku niliyoambiwa nirudi.

Sikupigwa, Igoki. Sikulala njaa. Ndiyo maana nilishindwa hata kusema ni nini kilikuwa kinaniuma. Ningemlalamikia nani, kwamba nina mume mwema na siwezi kupumua?

Ulipokuwa darasa la tatu, mjomba wako Kirimi aliniletea mashine ndogo ya kuchezea kaseti, ya kubeba mfukoni, pamoja na ile kaseti ya kwaya yetu. Hedifoni zake zilikuwa zimevunjika. Nilinunua za kwanza kwa mchuuzi wa Embu aliyekuja sokoni kwetu, za bei rahisi kuliko zote, bila kuzijaribu. Baada ya wiki tatu sikio la kulia lilikufa. Na unakumbuka nilivyokuambia juu ya zile maikrofoni mbili. Wanaume walikuwa upande wa kushoto, sisi tulikuwa kulia. Kwa hivyo nikabaki ndani ya ghala nikisikiliza sauti nene za wanaume wakijibu kitu ambacho hakikusikika. Nilishinda nikiupinda ule waya. Kuna siku niliushika mahali fulani kwa kidole, nikajisikia kwa muda wa mstari mmoja, kisha nikapotea tena. Nililia kwa hasira.

Hedifoni za pili nilizitafuta kwa akili. Nilipokwenda kumwona mama yangu nikapitia mjini Meru kuuza ndengu kwenye soko la Gakoromone, nilimwona fundi wa redio karibu na hapo, nikakaa kwenye benchi lake mpaka akachoka na maswali yangu. Yeye ndiye aliyenifundisha. Alisema, "Mama, usinunue kelele. Nunua ile inayokuonyesha kila mtu amesimama wapi." Nilichukua pea nyepesi ya sponji. Niliporudi nikaingia ghalani, nikaweka kaseti, na kwaya nzima ikasimama mbele yangu, kila mtu mahali pake, na mimi katikati ya wanawake nikiwa na miaka kumi na minane.

Kuanzia hapo niliingia humo kila siku. Nilianika betri juani zipate nguvu tena. Nilizificha hedifoni ndani ya debe la mbegu. Ningesema naenda kupepeta, ningesema naenda kuangalia panya. Mlikuwa na mama anayetembea, anayepika, anayewafulia nguo, na ndani yake hayupo, anasubiri tu saa ya kurudi ghalani. Wakati mwingine nilisikia ukiniita, nikaongeza sauti.

Cucu wako, mama mzazi wa baba yako, yule uliyepewa jina lake, alikuwa ameshapofuka macho lakini miguu yake ilikuwa mizima. Alijua boma hili hatua kwa hatua. Alichuja chai mwenyewe, alikamua mbuzi, alikukaripia wewe kwa kuacha mlango wazi. Hilo utakuwa umelisahau, kwa sababu kumbukumbu zako nyingi za Cucu ni za kitandani.

Ulikuwa darasa la tano siku alipoanguka. Ndengu zilikuwa zimeanikwa juu ya magunia uani. Ilikuwa alasiri kama hii, wewe shuleni, baba yako kazini kwenye stoo ya bwawa. Nilikuwa ghalani, nimevaa hedifoni, kaseti ndiyo kwanza imeanza. Upande mmoja wa ile kaseti ni nusu saa. Ulipokwisha, kile kitufe kikaruka juu, nikazivua. Nikasikia mvua kwenye mabati. Kisha nikasikia sauti ya Cucu, si ya kuita tena, ni ya mtu aliyechoka kuita.

Alikuwa amelala kwenye tope chini ya ngazi ya jikoni. Alikuwa ameona, kwa ngozi yake, matone ya kwanza, akaniita nije tuzitoe ndengu, nisije, akaamua kuzitoa mwenyewe. Aliteleza. Nyonga ilikuwa imevunjika. Gunia moja alikuwa amelishika bado.

Baba yako alifika na gari la kazini, tukampandisha nyuma juu ya godoro. Akaniuliza, "Wewe ulikuwa wapi?"

Nikasema, "Nilikuwa nimekwenda kuchota maji."

Mitungi ilikuwa imejaa maji ya asubuhi, kwa hivyo uongo wangu ulikuwa hata na ushahidi. Cucu alikuwa amelala pale, kichwa chake juu ya mapaja yangu, macho yake yakitazama juu bila kuona. Alinisikia nikisema hivyo. Hakusema neno.

Mengine unayajua. Hospitalini walisema umri wake hautaruhusu mfupa ushike vizuri, na haukushika. Miaka minane nilimgeuza, nilimwosha, nilimlisha. Miaka minane sikulala nje ya boma hili usiku hata mmoja. Mama yangu aliugua Mitunguu nikapelekewa habari, akapona nikapelekewa habari. Watu walisema, "Mke wa huyu ni malaika." Kila waliposema hivyo nilisikia kama mlango unafungwa kwa nje. Ningeondoka vipi? Malaika haendi popote. Na ningelalamika vipi, wakati mimi ndiye niliyejijengea kile chumba, tofali kwa tofali?

Lakini haikuwa mimi peke yangu niliyefungiwa humo, na hapa ndipo inaponiwia vigumu kuandika.

Barua yako ya kwanza ya kuitwa chuoni ilikuja mwaka jana. Tulikuwa jikoni, sote watatu. Baba yako aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema, "Ni vizuri sana. Lakini mama yako hawezi kumwinua Cucu peke yake. Mgongo wake umeharibika. Subiri mwaka mmoja, tutaomba tena." Wewe hukumtazama yeye. Ulinitazama mimi. Ulinitazama muda mrefu, Igoki. Nilikuwa na maneno mdomoni. Ningesema, "Aende. Huu ni mzigo wangu na ninajua kwa nini ni wangu." Badala yake niligeuka nikakoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa. Ukasema, "Sawa, baba." Kwa ile ile sauti niliyosema nayo sawa mimi nilipokuwa na miaka kumi na tisa.

Nilikuchukulia mwaka mzima wa maisha yako ili uongo wangu ubaki umekaa vizuri. Sina jina jingine la kuupa.

Sasa nikueleze jambo ambalo hakuna mtu mwingine anayelijua isipokuwa baba yako, tangu leo asubuhi.

Miezi mitatu kabla ya Cucu kufa, siku moja ya Jumatano, ulikuwa sokoni. Nilikuwa nampaka mafuta miguuni. Akasema ghafla, "Mama Igoki, kale kadudu kako kalienda wapi?"

"Kadudu gani, mama?"

"Kale kalikokuwa kakilia masikioni mwako. Tsi, tsi, tsi. Kama panzi ndani ya gunia."

Mikono yangu ilisimama. Hedifoni za sponji huvuja sauti, mwanangu. Anayezivaa hajui, lakini aliye karibu husikia mchakacho mdogo, na Cucu alikuwa na masikio ya mtu asiyeona. Alikuwa akipita nyuma ya ghala mwaka mzima akinisikia.

Nikamwuliza, "Na siku ile?"

"Siku ile nilikusikia," akasema. "Nililala pale chini nikakusikia. Wewe ndiye hukunisikia."

Nilipiga magoti kando ya kitanda. Sikulia. Niliona tu kama ninashuka ndani ya kitu kisicho na sakafu. Baadaye nikamwuliza kwa nini hakumwambia mwanawe, miaka hiyo yote.

Usidhani alinijibu kwa maneno matamu. Alisema, "Ningemwambia angekurudisha Meru. Halafu mimi ningegeuzwa na nani? Yeye? Shangazi za Igoki? Nilikuhitaji, nikanyamaza. Nilijua huwezi kuondoka ukiwa na hilo tumboni." Kisha akasema, taratibu kidogo, "Mwanzoni nilikuwa na hasira. Baadaye nilikuwa na hofu. Mtu akilala muda mrefu anaogopa tu kuachwa."

Kwa hivyo tulikuwa tumeshikana hivyo, yeye na mimi, kila mmoja ameshika kamba ya mwenzake na kuogopa kuiachia. Na wewe ulikuwa katikati, unabeba maji ya moto.

Kisha akaniambia, "Kalete nisikie ni nini kilikuwa kitamu hivyo."

Nilikwenda kwenye debe. Betri zilikuwa zimevuja, zimeota ukungu wa kijani. Sponji ziliposhikwa zilimomonyoka zikawa unga. Nilisugua vyuma kwa kisu, nikanunua betri Jumatano iliyofuata, nikashona visponji vipya kwa soksi yako ya zamani ya shule. Ile ya kijivu uliyoitafuta, ndiyo hiyo. Nikamvalisha Cucu. Kichwa chake kilikuwa kimekuwa kidogo sana, ilinibidi niupinde upinde wa chuma ndipo zikae.

Alisikiliza bila kusogea. Kisha akauliza kwa sauti kubwa, kama ulivyofanya wewe pale dukani, "Huyu ni nani anayepanda juu ya wenzake?"

"Ni mimi, mama."

"Wewe?"

"Ni mimi."

Wimbo ukaisha.  Akasema, "Rudisha nyuma. Nisikie tena."

Ndiyo maana miezi ile ya mwisho ulimkuta akivuma wimbo chini chini. Ulinieleza kwamba anakumbuka nyimbo za utoto wake. Nilikuacha uamini hivyo. Ulikuwa wimbo wangu.

Hatukusameheana kwa namna ile inayohubiriwa. Hatukuomba pamoja wala kukumbatiana. Lakini kila alasiri ulipokuwa umelala au umetoka, tulikaa tukaupindua ule upinde, sikio moja lake, jingine langu, na kwa nusu saa hakuna aliyemshikilia mwenzake kwa nguvu. Kisha kitufe kiliruka, nikamgeuza, maisha yakaendelea vile vile.

Nilidhani nimemaliza. Cucu tulimzika, barua yako ya pili ikaja, baba yako akasema uende. Nilidhani utaondoka na mimi nitabaki na hili mpaka mwisho. Kisha jana, kwenye maombi ya kukuaga, ulisimama mbele ya watu wote ukasema, "Ninakwenda kusomea uuguzi kwa sababu nilimwona mama yangu akimtunza mtu ambaye hakuwa hata mama yake, bila kulazimishwa." Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya chapati, sikujua niiweke wapi. Umejenga maisha yako juu ya jambo ambalo si la kweli, na mimi ndiye niliyekupa.

Leo asubuhi kabla ya kanisa nilimwambia baba yako yote. Alikuwa anafunga viatu. Alimaliza kufunga kile cha kwanza, cha pili akakiacha. Nilitarajia anifokee, na ningeshukuru kama angenifokea. Alisema, "Mama yangu alikufa akikubariki. Sasa unataka nikumbuke nini?"  Alikaa pale mpaka kengele ya kwanza ikalia. Aliposimama alisema, "Usimwambie Igoki. Mwache aende na moyo mweupe." Kisha, akiwa mlangoni, akaniuliza ile kaseti iko wapi. Nikamwonyesha debe. Hakuligusa. Akatoka.

Sijui akirudi kutoka Nairobi kukusindikiza atasema nini, au kama atasema. Inawezekana nitaishi hapa na mtu asiyenitazama usoni. Inawezekana ataniambia nirudi kwetu, na mama yangu amezeeka, na shamba limegawanywa kwa kaka zangu. Ninaogopa, nakuambia ukweli. Lakini amri yake hii ya mwisho nimeivunja. Nimesema sawa mara nyingi mno katika nyumba hii, na ile moja uliyoisema wewe imenitosha.

Basi zile hedifoni. Pale dukani nilipokuona umefumba macho, ukisema husikii hata magari, nilijiona mimi. Niliogopa nikakunyima sababu. Hilo lilikuwa kosa jingine. Wewe si mimi. Wewe huna cha kukimbia kwa kuziba masikio, na kama utakuwa nacho huko mbele, haitakuwa sponji itakayokuokoa. Mtu hujifungia hata kwenye nyumba iliyo wazi. Nilidhani ni kifaa kilichonifanya nisisikie, na miaka minane nilikichukia kifaa. Sasa ninaona kwamba kabla ya kuwa na hedifoni yoyote nilikuwa nimeshaacha kusema, na mtu anayeacha kusema anaanza polepole kuacha kusikia.

Risiti nimeiweka kwenye mfuko wa pembeni wa sanduku lako. Ukija likizo, basi litasimama Embu kama nusu saa. Nilimwomba mwenye duka, naye akakubali kubadilisha hata wakati huo, kama hazijakwaruzwa. Ukitaka zile nyeusi, chukua, lakini mwambie akupe pea nyingine, si ile ya kwenye kioo, na uupinde waya kabla ya kutoka dukani. Ukibaki na hizi za sponji, usizikunje ukiwa umezungushia waya kwenye mashine ya kaseti, utakatika hapo kwenye pini kabla hujafika Krismasi. Kwa vyovyote chagua wewe. Usichague kwa kunihurumia wala kwa kunikomoa.

Barua hii nimeificha chini ya karatasi ngumu ya boksi la hedifoni, kwa sababu baba yako atakaa karibu nawe mpaka Nairobi. Juu yake nimeandika uisome akishashuka. Usimchukie. Ameumia leo kuliko mimi.

Sikuombi unisamehe, na usiharakishe kufanya hivyo ili unipunguzie uchungu. Ukiwa na hasira, niandikie hasira. Ukitaka kuniuliza kwa nini niliukoroga ule uji, uliza, nitakujibu kila mara utakapouliza, hata kama ni mara kumi. Ukinyamaza muda mrefu nitaelewa, lakini ningependa zaidi usinyamaze.

Unajua kwamba barua zote za nyumba hii huja kwa sanduku la posta la kazini kwa baba yako, na kwamba hufika mezani zikiwa zimefunguliwa. Alhamisi nilikwenda posta na kitambulisho changu, nikajaza fomu. Karani aliniuliza kama sanduku ni la shule, au la kikundi cha akina mama. Nikamwambia ni la kwangu. Akanipa ufunguo mdogo, nimeufunga kwenye pindo la leso. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Juu ya bahasha usiandike Mama Igoki, wala jina la baba yako, maana karani hatajua barua ni ya nani. Andika jina nililoliandika kwenye fomu, ambalo hapa Kiambere hakuna aliyewahi kuniita nalo.

Ni mimi mama yako,

Gatwiri